Meli ya Uvunguni

Itangazwe kwa wote wanaohusika, na zaidi kwa wasiohusika maana hao ndio wenye hamu ya kujua, kwamba katika mwaka wa 1956 wa Bwana Wetu, na wa Malkia wao, Gati binti Magige wa Nyarero alikuwa mtu pekee katika milima yote ya Tarime aliyemiliki meli. Meli hiyo ilikaa uvunguni mwa kitanda, ndani ya mifuko miwili ya turubai, kati ya jembe la akiba na kuku aliyekuwa ameatamia. Itangazwe pia kwamba Gati huyo anakusudia kufunga ndoa na Tomaso, fundi seremala wa misheni. Mwenye kujua kizuizi aseme sasa.

Kizuizi kilikuwepo. Kizuizi kilikuwa maji.

Gati alizaliwa mwaka wa nzige, na mama yake alisema ndiyo maana hakuwahi kukubali kufukuzwa mahali. Alikuwa mrefu, ana mwanya, na kicheko chake kilifika kwa jirani kabla ya salamu zake. Alipokuwa msichana wa kutosha kukataa wachumba wawili, alishuka kwenda Kewanja kutafuta kazi mgodini, akapata kazi ya kulea mtoto wa mhandisi wa dhahabu. Mhandisi huyo watu walimwita Bwana Nyundo, kwa kuwa hakuweza kupita jiwe bila kuligonga, kama mtu anayebisha hodi na kungoja kukaribishwa. Mke wake akawa Mama Nyundo bila kuulizwa.

Sasa, Bwana Nyundo alikuwa na mtumbwi. Haukuwa mtumbwi wa mti wa kuchongwa, ulikuwa wa kukunjwa: mifupa yake ya mbao, ngozi yake ya turubai na mpira, viti viwili, na kasia lenye vichwa viwili, kimoja cha kulia na kimoja cha kushoto. Kewanja hakukuwa na maji ya kuutosha ila ya mtoni, na mtoni walikuwepo mamba wasiopenda utani. Basi kila mwisho wa mwezi Bwana Nyundo aliuunga uani, akakaa ndani yake juu ya majani makavu, akapiga kasia hewani nusu saa, akashuka akitoka jasho, akaukunja. Wafanyakazi walisimama mbali na kofia mkononi, kama wanaomtazama mgonjwa.

Mwisho wa mwaka 1954 walikwenda likizo Mombasa, na mtoto akaenda, na kwa hiyo Gati akaenda, na mtumbwi pia. Usiku mmoja usio na mwezi Mama Nyundo alimwamsha kwa kidole mdomoni. Bwana alikuwa anakoroma, mtoto amelala, askari wa zamu akiwalinda wote wawili. Wanawake wawili wakauburuta mtumbwi mpaka majini kama wezi wa mbuzi, wakapanda.

Kasia la kwanza lilipogusa maji, maji yakawaka.

Gati alilitoa kasia, akalichungulia. Akapiga kasia tena, yakawaka tena: mwanga wa kijani uliochanganyika na samawati, usio na moshi wala joto, ukajizungusha kama maziwa kwenye kibuyu, ukazima. Samaki mmoja alipita chini akachora mstari kama wa chaki. Gati akatumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akautoa na bangili ya cheche, akalamba vidole kujua moto huo una ladha gani. Kisha akacheka, mbwa wa ng'ambo wakaanza kubweka. Mama Nyundo naye akatia mkono, akaanza kucheka. Wakamwagiana moto hadi nguo zikalowa. Usiku ule hakuna aliyekumbuka nani ni bibi na nani ni yaya, ingawa asubuhi walikumbuka wote wawili, na Gati akapiga pasi kama kawaida.

Miezi michache baadaye dhahabu ilianza kuficha uso, na akina Nyundo wakarudi kwao. Ndege haikukubali mifuko miwili ya turubai. Mama Nyundo aliikabidhi kwa Gati akilia. Bwana Nyundo aligonga jiwe.

Gati alipofika Nyarero na mifuko yake kichwani, baba yake Magige aliizunguka mara mbili.

"Ni hema?"

"Ni meli, Baba."

"Meli ya kwenda wapi?"

Nyarero iko mlimani. Swali lilikuwa zuri, na kwa muda mrefu halikupata jibu.

Kosa alilofanya Gati lilikuwa la lugha tu. Jioni hiyo, watu wamejaa, moto umekolea, alisimulia habari za Mombasa kwa Kikurya. Na kwa Kikurya, maji yote makubwa yasiyoonekana mwisho ni nyancha. Ziwa ni nyancha. Bahari, kama ipo, ni nyancha. Gati akasema kwa sauti ya mtu aliyeona: "Usiku ukipiga nyancha, inawaka."

Kila aliyekuwepo alijua nyancha. Iko kule chini, kwa Wajaluo, siku moja kwa miguu. Inatoa sato wadogo na mbu wakubwa. Haijawahi kuwaka.

"Si hii yetu," Gati akajaribu. "Ni nyancha nyingine, ya chumvi."

"Ya chumvi?" Magige akanyanyua kichwa kwa mara ya kwanza. "Maji yote ni chumvi?"

"Yote, Baba."

"Na sisi kila mwezi tunanunua magadi ya ng'ombe?" Mzee akatikisa kichwa kwa huzuni ya mfugaji. "Mwanangu, danganya, lakini usidanganye na ng'ombe."

Shemeji yake, Nyangwine, mume wa dada yake mkubwa, mtu aliyekuwa na muda mwingi kuliko mashamba, aliamua kulipeleleza jambo. Alitembea kutwa mpaka ziwani, akangoja giza, akaingia mpaka magotini, akaanza kuyapiga maji kwa fimbo. Mvuvi mmoja wa Kijaluo aitwaye Ogola alitoka nyumbani kwake na kandili.

"Omera, ndugu yangu," akamwita, "nam, hili ziwa letu, limekukosea nini?"

"Nangoja iwake."

Ogola akamtazama sana, akaenda kumletea uji.

Nyangwine alirudi Nyarero na malaria na ushahidi. Toka siku hiyo Gati akaitwa Moto wa Maji. Watoto walimkimbilia kisimani: "Dada Gati, usiguse ndoo, utatuunguza!" Yeye alicheka nao, akawarushia maji. Jina halikumuuma. Lililomuuma lilikuja baadaye, na lilivaa miwani.

Kwa maana katikati ya haya yote alitokea Tomaso. Tomaso alikuwa mfupi, ana vumbi la mbao masikioni, na alikuwa mwanamume wa kwanza ambaye, aliposikia habari ya maji yanayowaka, hakucheka. Aliuliza, "Rangi gani?"

Gati alimweleza rangi hiyo kwa saa nzima. Ilipofika machweo walikuwa wameshachumbiana, ila walikuwa bado hawajaambiana.

Ng'ombe wa mahari walikwenda kwa Magige, wazee wakaafikiana. Lakini Tomaso alikula mkate wa misheni, na misheni ilikuwa na sharti moja: fundi wake ataoa kanisani, mke aliyebatizwa, au apeleke randa yake kwingine. Mama yake Tomaso naye aliapa kwamba hatapika hata ugali wa harusi isiyo na kengele. Basi Gati akajiandikisha mafundisho ya dini. Akashika sala zote, akashika katekisimu kurasa zote, mpaka siku ya kuitwa na katekista.

Katekista alikuwa Nikolaus, mtu mwembamba, mwadilifu kupita kiasi, mwenye miwani minene aliyopewa na padre aliyekufa. Bila miwani hiyo hakuweza kutofautisha mbuzi na mzee wa kanisa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kaa hapo. Amri ya nane inasemaje?"

"Usiseme uongo."

"Na nyancha inawaka?"

"Ya Mombasa inawaka, Mwalimu. Ile ni bahari."

"Usinifundishe bahari, binti. Petro alivua samaki wapi?"

"Bahari ya Galilaya."

"Kuna mahali imeandikwa Petro alipiga kasia, maji yakawaka?"

"Hakuna."

"Basi."

Kwamba Bahari ya Galilaya yenyewe ni ziwa la maji baridi kama letu, Nikolaus hakujua. Na yule aliyeiita bahari hakuna aliyewahi kumkalisha na kumuuliza amri ya nane.

Nikolaus akalainisha sauti. "Sikuonei. Simama Jumapili mbele ya watu useme, 'Nilidanganya.' Neno moja. Nami naandika jina lako la ubatizo, unaolewa."

"Lakini sikudanganya."

"Ndiyo maana nakwambia useme."

"Niseme uongo ili niache uongo?"

Nikolaus akapekua kitabu chake mpaka jalada la mwisho. Swali hilo halikuwemo katika katekisimu.

Gati alikwenda moja kwa moja karakana. Tomaso alikuwa anapiga randa kitanda, na kila mtu alijua kitanda hicho ni cha nani.

"Sema tu, Gati," Tomaso akasihi. "Ni neno moja! Mimi nakuamini."

"Unaniamini kwamba maji yaliwaka?"

"Naamini kwamba... wewe unaamini."

Gati akachota maranda kwa mikono miwili akammwagia kichwani. "Kitanda hicho utalala na padre!"

Lakini alipotoka nje alisimama nyuma ya ukuta, akafuta macho kwa upande wa kanga. Alimtaka yule mtu mfupi mwenye vumbi. Alimtaka sana. Na alijua kwamba akisema "nilidanganya," usiku ule wa Mombasa, bangili ya cheche na kicheko chote, vitakuwa havijawahi kutokea, na atakayekuwa amevifuta ni yeye mwenyewe.

Ni Nikolaus aliyetoa njia. Haki ilimsumbua kama kokoto kiatuni. "Tutakwenda nyancha, mimi na wewe," alisema. "Usiku. Ikiwaka, nakuandika. Isipowaka, utasema."

Gati alijua nyancha ya pale si ya chumvi. Lakini hakuwahi kuijaribu kwa kasia, na nani ajuaye? Halafu, tuseme kweli, meli yake ilikuwa uvunguni mwaka mzima ikizeeka na kuku, na mikono yake iliiwaza.

Wakaondoka alfajiri ya Ijumaa na baiskeli mbili: ya misheni imembeba Nikolaus na adhama yake, ya Tomaso, aliyekataa kubaki, imebeba mifuko miwili, na Gati alipanda na kushuka kufuatana na mlima. Jioni waliingia kwa Ogola, ambaye hakuhitaji maelezo.

"Mwaka jana alikuja mwenzenu na fimbo," alisema. "Samaki walihamia Kisumu. Leo mmekuja na nini?"

Gati akafungua mifuko. Akaunga mfupa kwa mfupa, akavisha ngozi, vidole vyake havijasahau hata kifungo kimoja. Ogola akauzunguka mtumbwi kama Magige alivyozunguka mifuko.

"Una mbavu kama ng'ombe wa kiangazi. Na viboko je?"

"Wapo?" Nikolaus akauliza.

"Upande ule. Kiboko hasumbui mtu mwenye akili." Ogola akamtazama juu mpaka chini. "Nyinyi sijui."

Giza lilipokamilika, Nikolaus alivua viatu, akakunja suruali, halafu akafanya jambo moja la busara lililoharibu mambo yote: alivua miwani akampa Tomaso amshikie, isije ikazama. Kisha akaketi kiti cha mbele, rozari mkono mmoja, ukingo wa mtumbwi mkono wa pili.

Gati alisukuma kasia, na ule mtumbwi uliozoea majani makavu ukateleza kana kwamba umekumbuka jina lake. Kulia, kushoto, kulia. Hewa ilinukia matope na mvua. Gati akajikuta anatabasamu peke yake gizani, na kwa muda mfupi hakujali hata kama kuna kanisa duniani.

Kisha akapiga maji kwa nguvu.

Giza.

Akapiga tena. Akatia mkono, akauzungusha. Nyancha ilinyamaza kama shahidi aliyehongwa. Walikwenda mbali zaidi, akapiga kulia, akapiga kushoto, mpaka mabega yakauma.

"Tosha, binti," Nikolaus akasema, na sauti yake haikuwa na ushindi wowote. Ilikuwa karibu na huruma. "Tosha. Turudi."

Gati akageuza mtumbwi, akapita njia ya mkato, nyuma ya mafunjo, mahali maji yalipotulia kama kwenye sufuria. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha juma lile. Na pale, juu ya mafunjo, ndani ya mafunjo, walikuwepo vimulimuli, maelfu kwa maelfu, wamezuka wote kwa pamoja, wakiwaka na kuzima, na chini yao maji meusi yakiwaka na kuzima vilevile, hata ikawa hujui juu ni wapi.

Kwa Gati ilikuwa nzuri mno. Kwa Nikolaus, ambaye miwani yake ilikuwa mfukoni mwa Tomaso, hakukuwa na vimulimuli wala mafunjo. Kulikuwa na nyancha inayowaka, kila upande, mpaka chini ya makalio yake.

"Ee Bwana!" akapiga kelele. "Inawaka! Inawaka, Gati!"

"Mwalimu, hao ni..."

"Nyamaza! Tusali!"

"Lakini Mwalimu, si maji yanayo..."

"Baba yetu uliye mbinguni!" Nikolaus akaanza kwa sauti ambayo viboko walihama kuipisha. Alisali mpaka ufukweni. Akaimba njia yote mpaka Nyarero. Kila Gati alipofungua mdomo, alipandisha sauti.

Tomaso alielezwa ukweli mlima wa kwanza, walipokuwa wanasukuma baiskeli nyuma ya Nikolaus. Akasimama, akashika tumbo, akacheka mpaka baiskeli ikaanguka. Halafu akaiinua.

"Gati," alisema taratibu. "Hakuna aliyekuomba useme uongo sasa. Wewe kaa kimya tu."

Hilo ndilo lilikuwa gumu. Gati alilala nalo Jumamosi usiku.

Jumapili wale waliokuwa wakijiandaa kubatizwa walisimamishwa mbele. Padre, Mzungu mzee wa maneno machache, alikaa pembeni. Kanisa lilijaa: Magige mwenyewe alikuwa amekuja kulinda ng'ombe wake wasirudi, na Nyangwine alikaa mbele kabisa kwa sababu ya kiherehere. Nikolaus akapanda ngazi, miwani ikimeta.

"Wapendwa," akasema, "huyu binti tulimwita mwongo. Mimi wa kwanza. Nami nasimama hapa kushuhudia kwamba Ijumaa usiku, kwa macho yangu mwenyewe, nimeona nyancha ikiwaka!"

Kanisa likapiga yowe. Nyangwine akashika kichwa: malaria yote ile, na hakupiga mahali penyewe!

"Gati binti Magige," Nikolaus akanyoosha mkono, "je, nyancha iliwaka?"

Gati alimwona Tomaso kwenye nguzo, ameshika kofia, midomo yake inasema ndiyo, ndiyo, ndiyo bila sauti. Aliwaza kitanda kilichopigwa randa. Akawaza bangili ya cheche.

"Hapana, Mwalimu," akasema. "Walikuwa vimulimuli. Ulikuwa umevua miwani."

Magige akafumba macho akiwaaga ng'ombe mmoja mmoja, kwa majina. Nikolaus alisimama kama aliyemwagiwa maji. Alivua miwani taratibu, akalitazama kanisa lote kuwa ukungu, akaivaa tena, akaona nyuso zikimngoja.

"Basi nimesema uongo," alisema kwa sauti ndogo. "Madhabahuni."

"La, Mwalimu," Gati akajibu haraka, maana alimhurumia kweli. "Hukudanganya. Uliona ulichoona, ukakisema."

Nikolaus akamtazama. Akamtazama sana. Kitu fulani kikapita nyuma ya vioo vile vinene, taratibu, kama ng'ombe mzee anayetafuta lango la zizi, na mwisho akaliona.

"Na wewe?" akauliza.

"Na mimi niliona nilichoona. Kule kwingine."

"Huko kwa chumvi."

"Huko huko, Mwalimu."

Nikolaus akafungua daftari la ubatizo, akalamba ncha ya penseli, akaandika mwenyewe, huku anatamka kila silabi ili padre asiwahi kupinga: A-gu-sti-na. Padre hakupinga. Padre alikuwa ameinama na leso usoni, mabega yakimtikisika, na mpaka leo wacha Mungu wanasema alikuwa analia.

Harusi ilikuwa juma la pili baada ya Pasaka. Mama Tomaso alipika ugali. Ogola alikuja na samaki na wimbo. Mtumbwi uliungwa uani, mifupa na ngozi, maharusi wakaketishwa humo juu ya majani, wakabebwa mabegani kuzunguka boma mara tatu, na Gati akapiga kasia hewani, kulia na kushoto, akicheka mpaka watu wa Sirari, kule mpakani, wakageuka. Hata Magige alicheza, ingawa alisema ni mguu tu unauma.

Hapo Nyangwine, ambaye hakuna aliyemwomba kuwa msemaji na hakuna angeweza kumzuia, akapanda juu ya kinu, akainua kibuyu, watu wakanyamaza.

"Ndugu zangu," akasema, "milima hii imezaa mashujaa, imezaa wezi wa ng'ombe, na mara nyingine mtu mmoja ndiye vyote viwili. Lakini haijawahi kuzaa mtu aliyelala juu ya meli, aliyewasha maji, akazima kanisa. Shemeji yangu Agustina, Moto wa Maji, leo tunaamini. Ng'ombe wanaamini. Hebu tufungulie moyo wako, tuwasimulie wajukuu wetu: yale maji ya Mombasa, ulipoyatia mdomoni, yale maji ya ajabu, ya mwanga, yasiyo na mfano chini ya jua, yalikuwaje?"

Agustina akaweka kasia magotini, akafikiri.

"Nilishawaambia," akasema. "Yana chumvi."